Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Kila likizo ndefu, sisi mafrateri tunaotoka Ufipa hurudi nyumbani wakati mahindi yanavunwa. Tunapangiwa parokia, tunazunguka vigangoni pamoja na makatekista, na kila tunapofika tunapokelewa vizuri kuliko tunavyostahili. Maji ya kunawa yanaletwa, kiti chenye kitambaa kinasogezwa, na baada ya muda mama mwenye nyumba anatoka jikoni na sahani ya wali na kuku, au ugali na mayai mawili ya kukaanga. Watoto wa nyumba hiyo wanakula jikoni ugali mweupe na maharage, na siku nyingine ugali na majani ya maboga. Mara nyingine mdogo wao husimama mlangoni akiitazama sahani yetu, mpaka mama yake amwite. Sisi tunakula. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, hilo tumefundishwa tangu utotoni.

Hatukuwahi kulizungumza jambo hili kati yetu hadi mmoja wetu alipomsindikiza dada yake kliniki na mtoto. Mtoto ana miaka miwili. Muuguzi alimpima, akaangalia kadi, akasema kwamba urefu ule ni wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Dada alidhani kipimo kimekosewa. Nyumbani kwake magunia ya mahindi yamepangwa mpaka yanakaribia dari.

Kwa wasomaji wasioifahamu Ufipa: ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, nchi ya baridi na nyasi, mji wake mkuu ni Sumbawanga. Mkoa wa Rukwa huhesabiwa miongoni mwa mikoa inayolisha taifa, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma. Malori ya mahindi hutoka kwetu kwenda kila upande, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana vihenge vyake Sumbawanga. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania Bara uliokuwa na hali mbaya kuliko huo. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu, asilimia 49.8, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Walio juu yetu safari hii walikuwa Iringa na Njombe, nao ni wakulima wakubwa wa mahindi kama sisi.

Tumesikia mzaha kwamba Wafipa ni wafupi kwa asili. Tunaomba mzaha huo uishe, hasa midomoni mwa watu waliosoma. Udumavu si ufupi wa ukoo. Mtoto hudumaa kwa sababu hakupata chakula cha kutosha na cha aina mbalimbali, au aliugua mara kwa mara, tangu tumboni mwa mama hadi anapotimiza miaka miwili, na kile kilichopungua katika siku hizo, urefu pamoja na ukuaji wa ubongo, ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Hao ndio watoto tutakaowafundisha katekisimu.

Imekuwaje penye chakula pakawa na njaa ya namna hii? Wazee wetu hawakuanza na mahindi. Chakula kikuu cha Ufipa kilikuwa ulezi, pamoja na maharage, maboga na mboga za porini, na samaki waliopanda kutoka maziwa yote mawili. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata kwa mkulima aliye mbali na soko kama wa Rukwa. Mbolea ya chumvichumvi ikaja kwa ruzuku, na ng'ombe wa plau wakaenea. Mahindi yakawa fedha. Sera ile ya bei moja ilipofutwa, mahindi yalikwisha kuwa mazoea, na ulezi ulikwisha kusogezwa pembeni, ukabaki zaidi kwa ajili ya pombe. Leo mkulima wa kwetu huuza maharage kwa sababu yana bei, mayai kwa sababu mtoto anahitaji daftari, na kuku kwa sababu kuna mchango wa kanisa. Kinachobaki nyumbani ni sembe iliyokobolewa mpaka imekuwa nyeupe kama chokaa, tena tunaisifu kwa weupe wake.

Tumesema mchango wa kanisa, na hatukusema kwa bahati mbaya. Siku ya matoleo ya mavuno tunaona kuku, mayai na ndizi vikipelekwa altareni kwa nyimbo na vigelegele. Ni imani ya kweli, wala hatuidharau. Ila baadhi ya mayai hayo ndiyo yanayorudi kwetu kwenye sahani.

Likizo iliyopita tuliamua kufanya kitu kidogo. Tulikuwa wanne. Tulikuwa tumesoma habari za intumba, kilimo cha kale cha Wafipa ambacho wageni wengi wamekiandika, miongoni mwao mwanaanthropolojia Roy Willis aliyeishi Ufipa miaka ya 1960. Tukaona aibu kwamba tunajifunza shamba la babu zetu kwenye kitabu cha Mwingereza. Basi tukachukua majembe manne, tukaenda kwa mzee mmoja anayeheshimika kijijini, tukamwomba atufundishe kutengeneza intumba. Ulikuwa mwezi wa saba.

Mzee alitutazama, akatazama majembe, akacheka mpaka akakohoa. "Wanangu, mmekuja kuchimba jiwe?" Ardhi ilikuwa imekauka, nyasi zimekuwa manjano. Akatueleza kwamba intumba hutengenezwa mvua zinapoelekea mwisho, mwezi wa pili hadi wa tatu, ardhi ikiwa laini na nyasi zikiwa mbichi. Mkulima hukata tabaka la juu la udongo pamoja na nyasi zake, huligeuza na kulirundika kwa duara, nyasi ndani na udongo juu, mpaka lipatikane tuta la mviringo. Juu ya tuta unaweza kupanda maharage mara moja, yakaiva kwa unyevu uliobaki. Ndani ya tuta nyasi zinaoza polepole wakati wote wa kiangazi. Mvua zinaporudi mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, tuta linavunjwa, ule udongo mweusi unasambazwa, na ulezi unapandwa. Kisha akauliza: "Ninyi mwezi wa tatu mnakuwa wapi?"

Mwezi wa tatu tunakuwa darasani tukisoma metafizikia.

Hatusemi hivyo kwa kulalamika, tunaipenda metafizikia. Lakini swali la mzee limetufuata mpaka seminarini, na kwa maoni yetu ndilo kiini cha mambo yote. Kalenda ya shule haikupangwa na shamba. Mwanafunzi wa sekondari, frateri, mwanachuo, hata mtafiti mwenye fedha za safari, wote huja kijijini wakiwa na nafasi, na nafasi hiyo mara nyingi ni kiangazi, wakati kazi yenye ujuzi imekwisha kufanyika. Wanakuta magunia, wanahesabu magunia. Hawaoni mkono unaochagua mbegu wala jinsi mzee anavyojua kwa kukanyaga tu kwamba udongo uko tayari. Hawamwoni pia mama anayerudi shambani saa kumi jioni na kuanza kutafuta kuni, huku mtoto wa mwaka mmoja ameshindia uji wa asubuhi ulioachwa kwenye chupa.

Katika falsafa tunafundishwa kwamba Aristotle alitofautisha ujuzi wa kueleza sababu za vitu na ujuzi wa mtu mwenye uzoefu, na kwamba katika kutenda, mwenye uzoefu mara nyingi humshinda mwenye nadharia tupu. Tumeandika mtihani juu ya jambo hilo na tukafaulu. Lakini mzee wa intumba tumekuwa tukimwita mkulima wa jembe la mkono tu, kana kwamba mkono ndio wote ulio kazini. Mtu aliyegundua kwamba uwanda usio na miti unaweza kurutubishwa kwa nyasi zake wenyewe alifanya utafiti. Alijaribu, akakosea, akarekebisha, akamfundisha mwanawe. Alichokosa ni daftari.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mwaka 1967 alipoandika Elimu ya Kujitegemea. Alionya kwamba shule zinamfundisha kijana kuamini kwamba ujuzi wote wa maana uko kwenye vitabu na kwa waliosoma, hata awadharau wazazi wake. Alitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi wenyewe washiriki kuamua walime nini na waone faida na hasara ya uamuzi wao. Sehemu ya pili tuliisahau upesi. Shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka mchelewaji na aliyeongea wakati wa ukimya. Wengi wetu tuliopitia shule za bweni tulijifunza shambani jambo moja tu, kwamba jembe ni adhabu. Halafu tunashangaa msomi akikwepa kijiji.

Inawezekana kufanya vingine, na mfano hauko mbali. Katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo hulima ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama nyavu, udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi zile, na mteremko mzima unakuwa vishimo vinavyoshika maji yasiondoke na rutuba. Hapo nako maharage hutangulia, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikwenda kujifunza ngoro kwa wenyeji. Baadaye kazi hiyo ikazaa mradi uliosaidiwa na Japani, na kijiji cha Kindimba kikawa mmoja wa washiriki wake. Wanakijiji wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, wakachimba mabwawa ya samaki, wakapanda miti. Kamati yao waliita Sengu. Kwa Wamatengo sengu ni desturi ya zamani ya ukoo kula pamoja kwa babu na kushauriana palepale kwenye chakula. Sisi Wakristo tungeweza kuelewa desturi hiyo bila mkalimani.

Hata bila mradi mkubwa inawezekana. Janet Maro alikuwa bado mwanafunzi wa Sokoine mwaka 2009 alipoanzisha na wenzake Bustani ya Tushikamane huko Morogoro, kipande cha kuonyeshea kilimo kisichotegemea sumu za dukani. Hapo ndipo ilipotoka asasi ya kilimo endelevu ya SAT mwaka 2011, ambayo hadi leo inafundisha wakulima.

Upande wetu sasa milango imeanza kufunguka. Sokoine ina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi, jirani zetu, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi yake Rukwa. Tunafurahi. Ombi letu kwa vyuo hivyo ni moja: shamba lenu la mafunzo lisiwe na uzio wa kumzuia mzee wa intumba na mama mwenye kadi ya kliniki. Mkipima gunia kwa ekari, pimeni pia kilichofika kwenye bakuli la mtoto. Na msije mwezi wa saba.

Lakini ni rahisi kuwaandikia wengine. Je, sisi wenyewe? Parokia nyingi za Ufipa zina mashamba, na mengi yamejaa mahindi kwa mbolea ya dukani, sawa na shamba la kila mtu. Zamani Wamisionari wa Afrika, waliofika Karema mwaka 1885, walizoea kuwa na bustani karibu na misheni, na watu walichukua mbegu na miche huko. Parokia ilikuwa darasa bila kujiita hivyo. Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 aliwatetea wakulima wadogo na njia zao mbalimbali za kulima, akasema wanalisha sehemu kubwa ya watu wa dunia. Barua hiyo tumeisoma katika semina nyingi zilizofanyika kwenye kumbi zenye viti vya plastiki. Hatuijui semina yake iliyofanyika shambani.

Wapo watakaosema seminari na parokia si vyuo vya kilimo. Ni kweli. Lakini utafiti wa udongo unahitaji misimu mingi mfululizo, na miradi mingi huisha fedha zikiisha. Parokia haihami. Ina ardhi, ina jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki, ina WAWATA, ina katekista anayejua kila nyumba na kila mtoto aliyebatizwa, na tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa katika kitabu. Chuo kikuu gani kina orodha kama hiyo?

Tunachofikiria si kikubwa. Ni robo ekari. Upande mmoja intumba, upande mwingine mahindi kwa mbolea kama tulivyozoea, gharama na siku za kazi za pande zote mbili ziandikwe. Hatujui upande gani utashinda na hatutaki kudanganya. Intumba ni kazi nzito, inataka nyasi ambazo siku hizi ng'ombe wamezimaliza, na yawezekana inafaa kwa ulezi na maharage ya nyumbani tu, si kwa shamba la biashara. Hilo lenyewe litakuwa jibu. Pembeni ziwepo mboga, maboga na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Bwana shamba aje, muuguzi aje, lakini mzee naye azungumze kama mwalimu, asikae nyuma kama msindikizaji.

Jambo moja zaidi akina mama wa kwetu wanalijua kuliko mtaalamu yeyote: kimea. Kila anayepika pombe anajua kuloweka ulezi, kuuotesha, kuuanika na kuusaga. Sasa, kijiko kidogo cha unga wa kimea kikitiwa kwenye uji mzito hulegea, na tumbo dogo la mtoto hupokea chakula kingi zaidi bila uji kuongezwa maji. Watafiti walilijaribu hilo katika kijiji cha Luganga, Iringa, miaka ya 1980, wakati mkoa ule ulipokuwa na mpango maarufu wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Vijiji vilipima watoto na kujadili matokeo mkutanoni, na utapiamlo mkali ulipungua sana. Lakini utafiti wa 2022 umeikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu, asilimia 56.9. Sisi hatuna uwezo wa kueleza sababu zote. Tunajiuliza tu kama elimu ile ilipata mahali pa kukaa baada ya wageni kuondoka.

Turudi kwenye mayai. Hatutakataa kukaribishwa. Tumekubaliana kwamba tutakapoletewa chakula tutaomba watoto waitwe tule nao, sahani moja, na yai likatwe. Mafrateri wenzetu wa majimbo mengine wanaweza kucheka, lakini jaribuni. Likizo iliyopita mmoja wetu alijaribu nyumba mbili. Ya kwanza mama alifurahi. Ya pili baba mwenye nyumba alinuna, akadhani tunamwambia hawezi kulisha watoto wake. Ilibidi tumweleze polepole, na hatuna hakika kama alitusamehe.

Tumekwisha mwandikia paroko mmoja wa nyumbani, naye ametoa ile robo ekari. Mzee aliyetucheka amekubali kusimamia, na katekista amenunua daftari. Kwa kuwa sisi tutakuwa darasani, jumuiya mbili zitafanya kazi ya intumba zamu kwa zamu, na tukifika mwezi wa sita tutasoma kilichoandikwa. Katika kikao cha kupanga, mama mmoja wa WAWATA alinyoosha mkono na kuuliza nani atabaki na mtoto wake anayenyonya, na kumpikia, siku atakazokuwa kwenye intumba hizo. Wanaume walitazama chini. Nasi pia. Tulimjibu kwamba tutalifikiria.

"Fikirini mapema, mafrateri wangu," alisema, "mwezi wa pili hauko mbali."